Scrivener au LibreOffice kwa riwaya?

Umeuliza ununue Scrivener, ile programu ya kuandikia vitabu, au ubaki na LibreOffice ya bure kwa hiyo riwaya ya kurasa 300. Mi ningesema usitoe hela kwanza, Scrivener wanakupa siku 30 za kujaribu bure na zinahesabiwa zile siku unazoifungua tu, so ukiandika wikendi peke yake zinakutosha miezi mitatu na ushee. Utamu wake upo kushoto pale, kila sura inakaa kivyake, ukitaka ya 9 ije kabla ya 4 unaivuta na mausi imeisha hiyo. Writer, ile sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, nayo ina Navigator, orodha ya sura zako ya kuzipanga, bonyeza F5, ila lazima vichwa vya sura uwe umeviweka kwa mtindo wa Heading 1 siyo kukoza wino tu kama wengi tunavyofanya 😅

Ubaya wa Scrivener ni pale mhariri anapotaka docx, faili la Word, unaitoa, anarudisha na marekebisho yake, hapo unaanza kuhamisha moja moja kwa mkono. Mimi nimebaki LibreOffice, bure halafu ina kamusi ya Kiswahili, japo vitenzi virefu virefu bado inavipigia mstari mwekundu. Ingia Tools, Options, Load/Save, punguza dakika za AutoRecovery, ile ya kujihifadhia kazi yenyewe, ziwe 2, mi umeme ulishanilia nusu sura.