Muulize Fundi Maandishi: Gari langu litaonekana linarudi nyuma?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Hiace ya kupiga ruti ya Uyole na Mbalizi. Kijana wa stika kanionyesha kwenye kompyuta maandishi manene yaliyolala upande, anasema ndiyo yanayovuta macho. Nataka jina la gari, namba ya simu na nauli za vituo, vyote kwa mtindo huo. Mama watoto anasema gari litakuwa kama linarudi nyuma. Nimsikilize nani?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba, na hongera kwa gari. Msikilize mama watoto.

Simama upande wa kulia wa Hiace yako. Pua ya gari iko mkono wako wa kulia, herufi nazo zimeinamia huko huko; hata likiwa limeegeshwa unaona linakimbia. Sasa zunguka upande wa mlangoni, anakosimama abiria. Pua iko kushoto, herufi bado zimelala kulia, kuelekea buti. Hapo ndipo mkeo alipoona. Mimi mwenyewe niliwahi kujitia ujanja: Kosta ya mteja wa Mwanjelwa nikailazia herufi kushoto upande wa mlango. Alizitazama kimya, akaniuliza kama herufi zinasukumwa na upepo. Nilizifuta kwa petroli siku ile ile, kwa gharama yangu. Kwa hiyo upande wa mlango weka jina kwa herufi nene zilizosimama. Za kulala ziende upande wa dereva.

Mlazo si mtindo wa juzi. Mwaka 1501 Aldus Manutius wa Venice alichapa kitabu kwa herufi za mlazo alizochongewa na Francesco Griffo, lakini zile zilikuwa nyembamba, za kusomwa mkononi. Hizi nene ni za mabango. Fonti, yaani mtindo wa herufi, ninayoihusudu ni Banco, aliyoichora Mfaransa Roger Excoffon mwaka 1951. Ina herufi kubwa tu, hakuna ndogo. Aliyeichora alijua haitaandika aya. Inasema neno moja, basi.

Ndiyo maana namba ya simu usiithubutu. Herufi ikinenepa, matundu yake ya ndani yanazibika, na 3, 6, 8 na 9 zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Ongeza vumbi la kiangazi na ukungu wa asubuhi wa huko kwenu, mteja atampigia mtu wa Tukuyu. Namba na nauli ziwe nyembamba kidogo, zisimame wima, ziachiane nafasi.

Jambo la mwisho, mchunguze huyo kijana. Muulize kama fonti yenyewe imechorwa ikiwa imelala, au yeye kaisukuma tu kwa kipanya. Tazama herufi O. Iliyosukumwa huvimba bega la kulia juu na nyonga ya kushoto chini, kwingine inakonda, kama chapati iliyovutwa ikiwa bado moto. Iliyochorwa vizuri unene wake umesawazishwa kwa jicho la mtu. Ukiona O imevimba, mwambie atafute fonti nyingine kabla hajawasha plota, ile mashine ya kukata stika, maana stika ikishakatwa hela yake hairudi.

Ndaga (asante), na msalimie mama watoto.