Vigelegele mtu akiokoka

Ndugu, umeuliza kwa nini kanisani wanapiga vigelegele mtu mmoja tu akiokoka, utadhani harusi. Soma Luka 15. Mchungaji ana kondoo 100, anawaacha 99 akamtafute mmoja aliyepotea, na akimpata anaita majirani washangilie. Yesu anasema mbinguni nako kuna furaha kwa mwenye dhambi mmoja akitubu. Sasa sisi tutulie?

Kwetu Mbagala juzi alipita mbele konda wa daladala, noti bado zimekunjwa katikati ya vidole, analia kama mtoto. Mama yake akavua khanga ya mabegani, akaitandika chini apite. Miaka yote alikuwa anamwombea. Ila hizo spika za kanisa za usiku wa manane ulizolalamikia, hapo tuko pamoja, zinakera.