Anayetaka kuandika hadithi asome nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anataka kuandika hadithi au riwaya ya Kiswahili, aanzie wapi, asome nini? Nimechagua sita. Majina nimeyaacha, mitaa na miji nimeibakisha.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, na vitabu vya hadithi nilivyosoma ni vya mtihani tu. Nataka kuandika. Nianze na kipi? (Mkomani, Lamu)

Marahaba mwanangu. Anza na hicho hicho cha mtihani, kwa sababu ulikikariri, hukukisoma. Ichukue tena "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, hadithi iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2016. Safari hii achana na maswali ya dhamira na maudhui, umtazame mwandishi akifanya kazi. Ana hasira na wakubwa wanaomeza ardhi ya wanyonge, lakini hahubiri. Analiingiza jitu moja la miraba minne katika mkahawa wa Mzee Mago, linataka chakula chote kilichopikwa, linakaa linakula. Ukishaliona linavyotafuna huhitaji mtu wa kukufafanulia.

Kisha tafuta Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Hiki ndicho kitabu ninachompa kila anayeniuliza. Ni riwaya ya siasa za Unguja wakati wa mkoloni, ila tunaingia humo kupitia Yasmin, msichana aliyeozwa Bwana Raza, mwenye duka, mzee wa kumzaa. Kwanza tunamjali yeye. Siasa zinatujia baadaye, nasi tayari tuko upande wake. Ukimaliza kitabu, rudia sura ya kwanza ukiwa na kalamu. Kila aya jiulize: hapa nimejua nini kipya juu ya huyu binti, na nimekijuaje? Nimeambiwa na msimulizi au nimemwona mwenyewe akitenda?

Cha tatu ni Kiu (1972) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Bahati, Idi na Mwinyi, kila mmoja na kiu yake, basi. Kwa anayeanza ni hazina, maana ni riwaya fupi unayoweza kuishika yote kichwani na kuona kila tukio linavyovuta jingine. Nakili ukurasa mmoja kwa mkono, neno kwa neno, bila kuruka nukta. Utajua mwandishi anapumua wapi.

Mwalimu mwenzangu, je, kuna kitabu cha Kiswahili kinachofundisha kutunga hadithi? Vya Kiingereza naviona vingi. (Malindi)

Kilicho karibu zaidi na unachotaka ni Kunga za Nathari ya Kiswahili (1995) cha Said Ahmed Mohamed, kwa kuwa aliyekiandika ni mtunzi mwenyewe. K. W. Wamitila naye ana Uhakiki wa Fasihi (2002) na Kamusi ya Fasihi (2003). Vitabu hivi vimeandikwa hasa kwa ajili ya mchambuzi, kwa hiyo vigeuze. Mhakiki akisema mwandishi ametumia mbinu rejeshi, wewe uliza: katika hadithi yangu, nirudi nyuma wakati gani, na msomaji atakuwa na hamu ya kujua nini wakati huo? Linaniuma kwamba lugha yenye riwaya nzito kama zetu ina vitabu vichache hivi vya ufundi. Nyinyi walimu mnaotunga, andikeni.

Cha Kiingereza nakupa kimoja, Steering the Craft cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1998. Kina mazoezi, na mengi yanafanyika kwa Kiswahili bila taabu. Mojawapo linakutaka uandike ukurasa wa maelezo usio na kivumishi wala kielezi. Wape wanafunzi wako zoezi hilo. Aliyezoea kuandika "gati la Lamu ni zuri sana na lina shughuli nyingi" atalazimika kutazama: "Jahazi limefunga gatini. Makuli wanashusha saruji. Punda wamejipanga ukutani wakingoja mzigo. Mmoja anatafuna boksi." Hakuna sifa hata moja hapo, na gati umeliona.

Nyumbani kwetu ni tenzi tu, babu alikuwa malenga. Mimi nataka kuandika riwaya. Tenzi zitanifaa au nizisahau? (Langoni, Lamu)

Usizisahau, binti yangu! Huo ni utajiri, nami natamani sana siku moja nisome riwaya nyingi za Amu na Pate zilizoandikwa na watu waliolelewa kama wewe.

Chukua utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Anataka kutuonyesha kwamba dunia haidumu, na maneno "dunia haidumu" kila mtu anayajua. Kwa hiyo anatuingiza katika nyumba za mabwana wa Pate zilizobaki magofu. Popo wananing'inia juu. Vidaka vya ukutani vilivyokuwa vimepangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Wewe umekulia katika mji wenye vidaka hivyo, unajua ukubwa wake na vinavyopokea mwanga. Mwandishi wa riwaya anayeweza kuona kidaka namna ile hana haja ya kueleza huzuni.

Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 nao unafundisha sauti. Mama mgonjwa anamwita bintiye akae karibu, aje na wino na karatasi. Tangu mwanzo tunajua nani anasema, na nani, na kwa nini leo. Hadithi nyingi ninazoletewa nizisome zinakwama hapo tu: msimulizi hana mtu anayezungumza naye.

Kisha msome Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017. Sambo ya Kiwandeo (1979) inakitaja chombo cha baharini tangu kuundwa kwake hadi kinaposafiri, na Umbuji wa Mnazi (1985) unafanya hivyo kwa mnazi. Huyu alitukusanyia majina ya vitu kabla hayajapotea. Mhusika wako akiingia shambani, asione "nazi" tu. Aione kwa hatua zake tangu changa: kidaka (si kile cha ukutani), kitale, dafu, koroma. Na ukimaliza vitabu, nenda Matondoni ukakae na mafundi wanaounda vyombo. Nenda na daftari, uliza kidogo, sikiliza sana.

Kamusi gani ninunue? Pesa yangu ni ya moja tu. (Faza)

Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iliyotoka mwaka 2015. Vitabu vingine azima, hata ndani ya Ngome ya Lamu kuna maktaba.

Wahusika wangu ni watu wa hapa, wanazungumza Kiamu, lahaja ya Lamu. Rafiki yangu msomi anasema nisanifishe kila kitu, la sivyo hatanielewa mtu wa bara. Nifanyeje? (Shela)

Msimulizi wako aandike Kiswahili sanifu, wahusika waache waseme kama wasemavyo. Waandishi wa Unguja wamefanya hivyo miaka mingi nasi tumewasoma tukaelewa. Usiweke maelezo ya maneno chini ya ukurasa. Kama nyanya anamwita mjukuu na mjukuu anakuja, msomaji wa Nakuru amekwisha kuelewa. Ila kipimo kipo: msomaji akisimama mara tatu katika ukurasa mmoja, punguza. Na usimpe Kiamu mpishi na nahodha peke yao huku daktari na mwanasheria wakizungumza kama redio. Hapo utakuwa umewadharau watu wako.

Nimemaliza mswada. Naogopa kuibiwa, na kuna mtu anataka nimlipe ili anichapishie. (Watamu)

Pole na hongera, dada. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ni yako tangu ulipoiandika, na haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Ukitaka cheti, isajili KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Wazo tupu halilindwi, kwa hiyo usilisimulie vibarazani kabla hujaliandika.

Anayetaka umlipe anakuuzia huduma ya kupiga chapa. Si dhambi, lakini mkataba uandikwe, useme nakala ngapi na nani atazisambaza. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, unaweza kuiomba mwenyewe. Mchapishaji wa kawaida hakuombi pesa. Yeye ndiye anayekulipa mrabaha, fungu lako la mauzo.

Kabla hujatoa hata shilingi, peleka mswada kwenye Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, na ubaki na nakala mbili za kazi yako, moja nje ya simu.