Kabla fomu yako haijamkataa mtu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tovuti, leo nazungumzia ukaguzi wa fomu, hasa namba ya simu. Hapo ndipo nilipojifunza mengi.

Fomu yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya nyumba moja ya wageni huku Nyali. Nilitumia jQuery Validation, programu-jalizi ya JavaScript ya kukagua fomu iliyoanza mwaka 2006, nikaweka kanuni kwamba simu ianze na 07, kisha zifuate tarakimu nane. Nikaijaribu kwa namba yangu, ikapita. Wiki ya pili mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, watu wasema fomu yawakataa."

Nikavuka feri kwenda Likoni kwa shangazi, nikampa simu ajaze, mimi nikanyamaza. Laini yake ni ya 01. Akaiandika kwa mafungu, na nafasi katikati, vile anavyowasomea watu. Maandishi mekundu yakatokea: "Namba si sahihi." Akanitazama. "Si sahihi vipi, na asubuhi nimepigiwa nayo?"

Kwa hivyo kabla ya kuandika kanuni, kusanyeni namba za watu kumi jinsi wanavyoziandika wenyewe: 07, 01, +254, zenye nafasi, zenye vistari. Ondoeni nafasi na vistari kwanza, ndipo mkague. Programu-jalizi hii ina normalizer, yaani chaguo la kusafisha maandishi, kwa kazi hiyo, lakini husafisha kwa ajili ya ukaguzi tu. Kinachotumwa kwenye seva ni kile kile alichoandika mtu. Seva nayo isafishe.

Majina ni vivyo hivyo. Kanuni ya "herufi pekee" humkataa Ng'ang'a kwa jina alilopewa na wazazi wake, na hilo huuma. Tena simu nyingine huweka king'ong'o kilichopinda (’) badala ya kilichonyooka ('), kwa hivyo kubalini vyote viwili.

Mawili ya kiufundi yaliyonipotezea usiku mzima: kisanduku kisicho na name (sifa ya HTML inayokipa jina) hakikaguliwi, wala huonyeshwi kosa lolote. Na ukiongeza kanuni yako mwenyewe kwa addMethod, amri ya programu-jalizi hii, anza na this.optional(element), inayoruhusu kisanduku kiachwe wazi, la sivyo kisanduku cha hiari kikiachwa wazi kitadaiwa kama cha lazima.

Ukaguzi wa kwenye kivinjari ni wa kumsaidia anayejaza. Hauilindi hifadhidata yako hata kidogo, kwa sababu yeyote aweza kuzima JavaScript au kutuma data moja kwa moja bila kuifungua fomu. Kila kanuni irudieni kwenye seva, hata mteja akiwaharakisha.

Na ule ujumbe mwekundu nilikuja kuubadilisha: "Tafadhali andika namba kamili inayoanza na 07, 01 au +254." Shangazi alipojaribu tena, alisahau tarakimu moja, akausoma, akahesabu kwa kidole kwenye kioo, akaiongeza mwenyewe bila kuniuliza.