Najiambia mambo ni sawa, lakini moyo haukubali

Swali: Nauza vitenge soko la Kadutu, hapa Bukavu. Biashara ilianguka, nikashindwa kutoa pesa zangu za likelemba, chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu. Tangu siku ile kichwa kinaniambia: "Unaharibu kila kitu, wenzako wote wanakudharau." Nilisikia kwamba mawazo kama hayo yanapaswa kuhojiwa. Nikajaribu kujiambia "mimi ni hodari, mambo ni sawa," lakini moyo haukubali. Nakosea wapi?

Jibu: Mama, moyo wako una haki ya kukataa. Maneno matamu uliyoyaweka juu ya wazo lako hayana ushahidi, kama vile wazo lenyewe. Kulihoji wazo ni kuliuliza: unajuaje?

Njia hii ilijengwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck, huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960. Aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, walikuwa na mawazo mafupi yanayopita upesi, nao waliyaamini kabla ya kuyachunguza. Akawafundisha kuyapima kama madai ya mtu yeyote mwingine.

Chukua daftari. Andika wazo kama lilivyokuja, maneno yaleyale, na pembeni uandike unaliamini kwa kiasi gani, kati ya 0 na 100. Wewe umefunga mambo matatu katika kitenge kimoja, yafungue. "Nilishindwa kutoa pesa": hilo ni tukio, yeyote akiulizwa atasema hivyo. Usilihoji, litafutie mpango wa kulipa. "Naharibu kila kitu": hapo kamata neno "kila". Kabla ya hapo ulitoa mara ngapi bila kuchelewa? Nyumbani wanakula kwa jasho la nani? "Wote wananidharau": hapo unasoma mioyo ya watu. Umeona nini kwa macho yako? Pengine mmoja alipita bila kukusalimia. Andika hilo tu, halafu utafute sababu nyingine za mtu kupita hivyo jioni, soko linapofungwa na mvua iko karibu.

Mwishoni andika sentensi ambayo ungeweza kuiapia: "Nilishindwa kwa sababu mauzo yalianguka; nina deni; bado sijui wenzangu wanafikiri nini." Haifurahishi, lakini ni ya kweli, ndiyo maana moyo utaipokea. Pima tena unaliamini kiasi gani lile wazo la kwanza. Ukitoka 90 ukafika 60, kazi imefanyika, usingoje sifuri.

Fanya hivyo mchana, dakika 20 hivi, kisha funga daftari. Usiku wa manane usibishane na kichwa. Na ukijikuta unazunguka palepale bila kuandika jambo jipya, umeshaacha kuhoji, unajitesa tu.

Niwaambie na wasomaji wengine: hofu nyingi hapa kwetu ni za kweli. Anayesikia risasi, au mwenye nyumba kwenye mteremko ambao udongo wake umeanza kuporomoka, asikae kutafuta ushahidi, aondoke kwanza. Na inaniuma ninaposikia mtu aliyefiwa, au aliyepoteza mali yake yote, akiambiwa "fikiri vizuri tu." Tena, kama kwa wiki 2 mtu hana hamu ya chochote na usingizi umepotea, daftari halitoshi: aende kituo cha afya, au SOSAME hapa Bukavu, wanakotibu magonjwa ya akili. Likija wazo la kujiua, asingoje wiki hizo. Aende siku hiyohiyo, pamoja na mtu anayemwamini.

Kwako, Mama, imebaki hatua moja, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwendee anayeshika pesa za likelemba. Kabla ya kutoka nyumbani andika unachotabiri: "Atanifokea mbele ya watu." Mpe mpango wa deni lako, hata kama ni franka kidogo kidogo kila Jumamosi. Ukirudi, andika alichosema, maneno yake mwenyewe, ulinganishe na utabiri wako. Na kama amefoka kweli? Basi umejua kwamba mtu mmoja amekasirika kwa ajili ya pesa, na hilo liko mbali na wote kukudharau. Liandike hivyo, kisha umwendee mwanachama wa pili.