Kabla ya kuniuliza habari za mota

Ujumbe uliingia Jumapili usiku kutoka kwa kijana wa chuo kimoja hapa Arusha: "Kaka, shikamoo. Tumeunda timu ya roketi, tunataka kwenda kushindana Marekani. Tununue mota gani?"

Marahaba, mdogo wangu. Maswali ya aina hii huja mara kwa mara na karibu yote huanzia hapo hapo. Naelewa, moto na moshi ndivyo vinavyopendwa na kamera. Lakini mota, yaani injini ya roketi yenye fueli yake ndani, inatengenezwa kiwandani na watu wanaojua kazi yao, na nyinyi hamtaigusa mkiwa Tanzania. Roketi za wanafunzi mara nyingi zinavunjika kwa sababu ya parachuti. Ama halikutoka, ama lilitoka kabla ya wakati, ama lilitoka likang'oka.

Kwanza mjue mnakokwenda. Mashindano ya NASA yanayofanyika Huntsville, Alabama, ni ya vyuo vya Marekani, hayawahusu. Yanayopokea timu za nje ni IREC, mashindano ya roketi za vyuo, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa Green River, Utah, yakahamia Spaceport America huko New Mexico mwaka 2017, na mwaka 2025 yakapelekwa Midland, Texas. Daraja la kuanzia ni futi 10,000, yaani mita 3,048. Alama zinatolewa kwa kukikaribia kimo hicho, si kwa kukipita. Anayetamba kwamba yake ilifika mita 4,000 amejipunguzia alama mwenyewe.

Roketi ya kilo 20 kwa kimo hicho kwa kawaida hutumia mota ya daraja la M, yenye msukumo wa jumla kati ya nyutoni-sekunde 5,120 na 10,240. Mota ya M inahitaji mtu mwenye cheti cha ngazi ya tatu cha vyama vya warusha roketi vya kule, NAR au Tripoli. Mtafuteni mapema, kabla hata ya kununua bomba la kwanza. Na roketi iondoke kwenye reli ya kurushia ikiwa na mwendo wa mita 30 kwa sekunde, la sivyo mapezi hayajapata upepo wa kutosha kuinyoosha. Kwa mita 5 za reli, hesabu inawataka msukumo wa mwanzo uwe karibu mara 10 ya uzito wa roketi. Kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha upepo, pale nguvu za hewa zinapokusanyika, kwa kipenyo kimoja na nusu hadi viwili vya bomba. Umbali huo ukizidi sana, roketi inageukia upepo na kukimbilia pembeni. OpenRocket ni programu ya bure na itawafanyia hesabu hizi zote, ila badilisheni kimo cha uwanja, maana yenyewe huanzia usawa wa bahari. Hewa ya Arusha, kwenye mita 1,400, ni nyepesi kwa karibu asilimia 13. Spaceport America iko kwenye kimo kama hicho hicho, na Midland, yenye mita kama 850, haiko mbali na Moshi mjini. Kwa hiyo hesabu mnazofanya nyumbani zinafaa kule, bahati ambayo timu za pwani hazina.

Sasa turudi kwenye parachuti. Mfumo wa kawaida una mawili: dogo linatoka kileleni ili roketi ishuke haraka bila kupeperushwa mbali, kubwa linatoka kwenye mita 300 hivi kutoka ardhini. Kwa kilo 20 kushuka kwa mita 7 kwa sekunde, parachuti la kuba linahitaji eneo la mita za mraba 5, yaani kipenyo cha mita 2.5. Kushona si tatizo kwetu. Moshi ina mafundi wanaoshona mahema ya wapanda mlima, wana cherehani nzito na uzi wa nailoni. Wapeni kitambaa kipya. Hema kuukuu limeshaliwa na jua la mlimani. Ukilivuta kwa vidole viwili linachanika, na parachuti linapofunguka halivutwi kwa vidole viwili.

Kinacholisukuma parachuti nje ni gesi ya baruti nyeusi iliyowashwa na altimita, kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopima kimo. Kanuni ya kukadiria ni karibu nusu gramu kwa kila lita ya nafasi tupu, ili kupata shinikizo la kama psi 15, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 45 lina lita 8, kwa hiyo gramu 4. Shinikizo hilo linaisukuma pua, yaani ncha ya mbele ya roketi, kwa nguvu ya nyutoni 1,800 hivi. Pua imeshikwa na skrubu za nailoni zinazokatika, na M3 moja hukatika kwa takriban nyutoni 300; nne ni 1,200. Mnabaki na ziada ya kutosha kushinda msuguano. Msiamini namba yangu wala ya muuzaji: ning'inizeni ndoo kwenye skrubu moja, ongezeni maji na mawe mpaka ikatike, kisha pimeni. Inatakiwa iwe karibu kilo 30.

Baruti kwetu ni kitu cha kibali, na sitaki kusikia mtu anaisaga bwenini. Kazi kubwa ya jaribio mnaweza kuifanya kwa upepo wa gereji. Fungeni valvu ya tairi kwenye kizibo kinachofunga chumba cha parachuti, pakieni parachuti na kamba zake zote kama siku ya kurusha, wekeni skrubu nne, kisha pelekeni kwenye kompresa ya fundi matairi. Lazeni bomba chini, godoro mbele ya pua, pua yenyewe ifungwe kamba, na watu wote wakae pembeni. Jazeni polepole mkiangalia geji. Kwa vipimo vya hapo juu, pua inaruka kwenye psi 10. Ikifika 14 bado imeng'ang'ania, kiungio kimebana, kipigeni msasa. Geji isipopanda kabisa, kuna uvujaji. Pakeni povu la sabuni mtaona linapobubujika, mara nyingi ni tundu la waya. Gesi ya baruti inakuja kwa kishindo, kwa hiyo jaribio la baruti lenyewe bado lazima lifanyike kule chini ya usimamizi, lakini mtafika mkiwa mmeshajua skrubu na kiungio vinafanya kazi.

Kitu kinachosahaulika ni tundu la kupumulia. Kutoka uwanjani hadi kileleni hewa ya nje inapungua kwa kilopaskali 27 hivi. Bomba lililozibwa kabisa linabaki na hewa ya chini, na hewa hiyo inaisukuma pua kwa karibu nyutoni 480, kama mfuko wa saruji umeegemea ndani yake. Tobo moja la milimita 3 linamaliza tatizo. Chumba cha altimita kinahitaji zaidi, kama milimita za mraba 20 kwa kila lita, zigawanywe katika matundu matatu au manne yanayolingana kuzunguka bomba, kingo zikiwa laini.

Altimita ziwe mbili, kila moja na betri yake, swichi yake na viwashio vyake vya baruti. Ya pili icheleweshwe sekunde moja au mbili, na baruti yake iongezwe robo. Betri ya volti 9 ina gramu 45. Roketi ikiondoka kwa g 10, yaani mara kumi ya mvutano wa dunia, betri hiyo inavuta kama nusu kilo. Kichwa cha plastiki cha kuunganishia betri peke yake kinachomoka. Fungeni zipu tai, kisha tepu juu yake. Nyaya za kusokota na kuzungushia tepu ya umeme, hapana. Kwa majaribio, azimeni pampu ya vakyumu ya fundi friji, ingizeni altimita kwenye chupa ya mdomo mpana, wekeni taa ndogo badala ya viwashio, mwone kama inawaka kileleni na kwenye mita 300.

Kamba ya kuunganisha vipande iwe na urefu mara tatu hadi tano ya roketi. Vishikio viwe U-boliti. Boliti ya jicho lililokunjwa tu inafunguka.

Gundi ya epoksi ya saa 24, si ya dakika tano. Na Arusha mwezi Julai usiku ni baridi, haikauki vizuri. Wekeni taa ya joto karibu na mapezi.

Kurusha nyumbani ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa KIA uko katikati ya Arusha na Moshi. Msijifiche Monduli.

Mota hairuhusiwi ndani ya ndege ya abiria. Iagizeni kwa wauzaji wanaopeleka uwanjani. Betri za lithiamu zisizozidi Wh (wati-saa) 100 zinakwenda na mizigo ya mkononi. Redio ya kufuatilia nayo inahitaji akili: kule megahezi 915 hutumika bila leseni, lakini kwetu masafa ya 900 ni ya mitandao ya simu. Hapa fanyieni majaribio kwenye 433, ambayo kule ni ya wenye leseni ya redio ya ridhaa, kwa hiyo nunueni moduli za aina zote mbili na mwandike programu inayokubali kubadilishwa.