Umehama Brussels kwenda Antwerp? Faili lako la kazi halihami lenyewe

Dada pole na mihangaiko ya kuhama. Umeuliza mbona ulishajiandikisha Actiris, ofisi ya ajira ya kule Brussels, na Antwerp wanakwambia ujiandikishe tena kwa ofisi yao, VDAB, wakati nchi ni moja. Ubelgiji ndo ilivyo, kazi ya kuwatafutia watu ajira ilitolewa serikali kuu ikapewa mikoa, Flanders (ndiko Antwerp iliko) wana VDAB, Wallonia wana Forem, Brussels Actiris, hata wale wachache wanaoongea Kijerumani kule mashariki wana ofisi yao ADG (nchi yenyewe ndogo hivi!). Kilichobaki kitaifa ni hela ya kukosa kazi, iko chini ya ofisi ya ONEM, ambayo huko kwa Waflemish (watu wa Flanders) utasikia inaitwa RVA, ni walewale usichanganyikiwe.

Kwa hiyo anza na anwani mpya manispaa, mwambie anayekulipa posho ya kukosa kazi, iwe chama cha wafanyakazi au CAPAC (ofisi ya serikali inayolipa posho hiyo), halafu nenda VDAB fasta usingoje barua. Na hapa watu wengi hunaswa, zamani ONEM ndo walikagua kama kweli unatafuta kazi ila baada ya mageuzi ya 2014 hata ukaguzi ukaenda mikoani, yaani mshauri wa VDAB atakuuliza umeomba kazi wapi na wapi na usipokuwa na majibu posho inaweza kukatwa, so weka kila imeili uliyotuma.

Kifaransa chako huko hakikufikishi mbali, mi ningeomba kozi ya Kiholanzi siku ileile ya kwanza.